Klarineti si tarumbeta, na mbao yake si abanusi

Bendi ya polisi au ya jeshi ikipita siku ya sherehe, watazamaji wengi huita kila kinachopulizwa tarumbeta. Lakini katikati ya vyuma vinavyong'aa huwa kuna safu ya wapulizaji walioshika bomba jeusi lenye vitufe vya rangi ya fedha. Hiyo ndiyo klarineti. Nasikitika kwamba kwetu haijulikani vizuri, maana mti unaotengenezewa klarineti bora duniani, yaani mpingo, unaota Kilwa, Liwale na Nachingwea, na wengi tumekua tukiuona. Yapo maneno mengi yasiyo sahihi yanayosemwa kuihusu; nitayataja na kuyajibu moja moja.

"Ni tarumbeta ndogo. Au ni zumari ya Kizungu."

Kwenye tarumbeta, kinachotetemeka ni midomo ya mpulizaji. Kwenye klarineti ni ulimi mmoja mwembamba wa tete uliokazwa kwenye kipande cha mdomoni. Midomo kazi yake ni kuushika na kuutuliza. Zumari ya pwani ni jamaa wa karibu zaidi, ila ina ndimi mbili zinazogongana na bomba lake hupanuka kadiri linavyoshuka, kwa hiyo ukoo wake ni ule wa obo, ala ya okestra yenye ndimi mbili. Saksofoni nayo, japo mwili wake ni wa shaba, huwekwa pamoja na klarineti katika kundi la ala za mbao, kwa kuwa yote mawili yana ulimi mmoja wa tete. Kundi hufuata namna sauti inavyozaliwa.

"Aliyeiunda ni Boehm."

Jina hilo limeenea kwa sababu klarineti nyingi za leo zina vitufe vya "mfumo wa Boehm". Theobald Boehm alikuwa fundi wa filimbi. Klarineti yenyewe huhesabiwa kuwa kazi ya Johann Christoph Denner wa Nürnberg, Ujerumani, mnamo 1700, aliyeiendeleza kutoka ala ndogo iliyoitwa shalumo. Mpangilio wa vitufe tunaouona leo ulitengenezwa Paris na mpigaji Hyacinthe Klosé akishirikiana na fundi Louis-Auguste Buffet, wakauonyesha mwaka 1839. Walichukua wazo la Boehm la pete zinazozunguka matundu, wakaipa klarineti mpangilio wake. Wajerumani na Waaustria wengi wana mfumo wao tofauti hadi leo.

"Bomba lina urefu sawa na filimbi, basi sauti zitalingana."

Hapa ndipo klarineti inaponivutia zaidi. Filimbi ya okestra ina urefu wa sentimita 67 hivi. Klarineti ya kawaida, ile ya B flati, ni sentimita 66 hivi. Ukiziweka mezani zinakaribia kulingana. Lakini klarineti hushuka chini karibu oktavo nzima (umbali wa do hadi do inayofuata) kuliko filimbi.

Sababu iko kwenye umbo. Filimbi iko wazi pande zote mbili, hata pale mdomoni. Klarineti upande wa ulimi hufanya kazi kama bomba lililozibwa, na tundu lake la ndani lina upana ule ule kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Katika bomba la namna hiyo, wimbi la sauti hulazimika kwenda na kurudi mara mbili kabla ya kukamilisha mzunguko mmoja, na noti hushuka. Obo nayo imezibwa mdomoni, ila kwa kuwa bomba lake hupanuka, haifanyi hivyo.

Umbo hilo linaleta jambo la pili, ambalo huwasumbua wanaotoka kwenye rekoda (ile filimbi ya kujifunzia shuleni) au saksofoni. Kwenye ala hizo, ukipandisha sauti kwa vidole vile vile, do inakuwa do ya juu. Kwenye klarineti, ukibonyeza kitufe cha dole gumba la kushoto, do inaruka hadi so ya oktavo inayofuata. Mwanakwaya anayesoma solfa ataona mara moja maana yake: vidole vya chini na vya juu havifanani, na fundi inambidi ajaze nusu toni nyingi zaidi kabla ya kufika kwenye ule mruko. Ndiyo maana klarineti ya kawaida ina vitufe 17. Wanaoanza wakiambiwa hivi mapema, wanaacha kudhani vidole vyao ni vizito.

Kuhusu ulimi wa tete, ambao huuzwa kwa namba, kuna imani kwamba namba kubwa ni ya mabingwa. Namba huonyesha ugumu tu, na ugumu unaofaa hutegemea uwazi wa kipande cha mdomoni. Anayeanza aanze na 2 au 2½. Akilazimisha 4 atapata pumzi nyingi na sauti kidogo.

"Mbao ndiyo inayoimba."

Hii naisikia hata kwa wapigaji wazoefu, na naelewa kwa nini, maana mpingo ni mbao ya kupendeza mno. Lakini kinachoimba ni hewa iliyo ndani ya bomba. Mwanafizikia John Backus alichapisha vipimo vyake mwaka 1964, akaonyesha kwamba kuta za bomba huchangia kidogo sana, ilimradi ziwe ngumu na laini kwa ndani. Klarineti za mwanzo zilikuwa za mbao ya manjano iitwayo boksi, ambayo hujipinda ikipata unyevu. Mpingo ulishinda kwa sababu ni mzito hata huzama majini, una mafuta yake, hautikisiki kwa mate ya kila siku, na hukubali kutobolewa kwa usahihi mkubwa. Usahihi huo ndio unaosikika. Kwa hiyo klarineti ya plastiki iliyotengenezwa vizuri si ya kudharauliwa, hasa kwa mwanafunzi au kwa bendi inayotembea juani.

Tena, mpingo si abanusi, ingawa vitabu vingi huzichanganya. Abanusi ni miti ya Diospyros. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, wa jamii ya kunde, na ukiutazama porini utaona maganda yake membamba ya mbegu.

"Mpingo umepigwa marufuku kuuzwa nje."

Tangu Januari 2017, karibu miti yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ambayo huidhinisha biashara kwa vibali, haiikatazi. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo, hivyo mpigaji anasafiri na klarineti yake bila usumbufu huo.

Nao wasemao klarineti ndizo zinazomaliza misitu wajue kwamba fundi hutaka gogo lililonyooka, lisilo na ufa wala kuoza moyoni, na mipingo mingi haiko hivyo. Moto na kufyeka mashamba huua miche isiyohesabiwa. Kilwa wapo walioonyesha njia: chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji kinaweza kumiliki msitu wake, na mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani humo ilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa na kuvunwa ipasavyo. Mpingo ukivunwa kwenye msitu wa namna hiyo, mapato yake huenda kwa kijiji, na wanakijiji ndio wanaokaa kuamua kama yatajenga darasa au kisima.