Mafuta ya cheni yanatakiwa ndani, si nje

Baiskeli nyingi zinazofika kwenye banda langu hapa Tanga hazina upungufu wa mafuta. Cheni nyeusi tii, friwili, yaani gia za gurudumu la nyuma, imejaa tope la mafuta, hata suruali ya mwenye baiskeli ina alama mguuni. Lakini ukikanyaga pedeli unasikia cheni inasaga. Mafuta yapo, ila yote yako nje. Ndani yanakotakiwa ni pakavu.

Inama utazame kwa karibu pale pingili mbili za cheni zinapoungana. Kuna vibati viwili vya nje na viwili vya ndani, pini inayovishika pamoja, na katikati rola, yaani kile kipande cha duara kinachokaa kwenye jino la gia. Cheni inapoingia kwenye gia pingili inajikunja, inapotoka inanyooka, na kila mara pini inasuguana na tundu iliyomo. Hapo ndipo chuma kinapolika. Cheni ya baiskeli ya gia ina pini zaidi ya mia, na kila moja ina msuguano wake. Vibati vya nje havisuguani na kitu cha maana; tone ulilolipaka juu yao linazuia kutu kidogo, basi, kazi yake nyingine ni kukamata vumbi.

Na vumbi huku kwetu halikosekani. Ukitoka mjini kuelekea mashamba ya mkonge ni udongo mwekundu, ukirudi upande wa bahari ni mchanga na hewa ya chumvi. Mchanga ukichanganyika na mafuta unakuwa uji unaosaga chuma mchana kutwa, na kwa sababu uji huo ni mweusi na unateleza mkononi, mtu anadhani cheni yake imelainika vizuri.

Kibaya zaidi ni oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari na pikipiki. Naelewa kwa nini watu wanaipenda: inapatikana bure gereji. Lakini imeshamwagwa kwa sababu imechoka. Ndani yake mna masizi na chembe za chuma kilicholika kwenye injini, na wewe unazipeleka kwenye pini zako. Tena si nzuri kwa ngozi. Ukiishika kila siku kwa miaka inaweza kuleta hata saratani. Kwenye banda langu haingii.

Kabla ya mafuta, basi, ni usafi. Pindua baiskeli ikae kwa kiti na usukani, au iweke kwenye stendi ili gurudumu la nyuma lizunguke. Anza na tambara kavu: libane cheni kwa mkono mmoja, zungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono mwingine, badilisha sehemu ya tambara mpaka uchafu wa juu upungue. Usianze na mafuta ya taa, maana utakuwa unausukuma uchafu ndani. Baada ya hapo chovya mswaki wa zamani kwenye mafuta ya taa kidogo uisugue cheni pande zote nne: juu, chini, kushoto na kulia. Dizeli nayo inafaa, ingawa inachelewa kukauka. Petroli achana nayo. Mvuke wake unashika moto hata kwa cheche ya mbali, na mabanda yetu haya yako jirani na majiko ya mama ntilie.

Wakati unasugua, linda rimu, na kama baiskeli ina breki za diski, ilinde diski kwa kuifunika kabisa. Tone moja la mafuta likifika hapo, breki inakosa nguvu.

Friwili inataka uangalifu wake. Watu wanapenda kumimina mafuta ya taa juu yake mpaka yachuruzike, eti isafike yote. Ndani ya friwili kuna gololi zenye grisi na vile vikucha vinavyolia tiktiki usipokanyaga pedeli. Mafuta ya taa yakiingia yanaiosha grisi yote, na baada ya wiki chache inaanza kukwama au kukanyagika bure. Mimi nachukua kitambaa, nakinyoosha kwa mikono miwili, napitisha ukingo wake katikati ya gia moja na nyingine, navuta huku na huku. Gia inazunguka yenyewe na uchafu unatoka mikunjo mikunjo. Ni kazi ya dakika chache tu, na matokeo yake unayaona kwa macho.

Halafu kuna vile vigurudumu viwili vidogo kwenye mkono unaohamisha cheni. Karibu kila mtu anavisahau, nami ndivyo ninavyovitazama kwanza, kwa sababu vinatunza tope gumu kuliko sehemu yoyote na kuirudishia cheni safi uchafu wa jana. Weka ncha ya kijiti ubavuni mwa kigurudumu, zungusha pedeli polepole, tope litatoka kama utepe. Vidole viwe mbali. Kama kuna watoto wanaotazama, wasogeze kwanza; kidole kikiingia kati ya cheni na gia hakitoki salama.

Maliza kwa maji na sabuni ya unga, suuza, futa, acha juani mpaka ikauke kabisa. Mafuta mapya juu ya maji hayaingii.

Sasa mafuta. Tazama sehemu ya chini ya cheni baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, upande wa juu wake, ule unaogusana na meno. Weka tone moja juu ya kila rola. Moja tu. Anzia kwenye kile kiungo cha kufungulia ili ujue umemaliza mzunguko. Zungusha pedeli kinyumenyume mara kadhaa mafuta yavutwe ndani, kisha iache. Ukiweza kuiacha usiku kucha ni bora zaidi. Kesho yake chukua tambara safi ufute cheni kwa nguvu kana kwamba unataka kuyatoa yote. Hutayatoa ya ndani. Wateja wananishangaa hapa, wanasema, "Fundi, mbona unafuta mafuta niliyolipia?" Ukinilazimisha niache hatua moja, nitaacha sabuni, sitaacha kufuta.

Mafuta gani? Yaliyotengenezwa kwa ajili ya cheni ni bora, ya aina nyepesi kwa kiangazi na nzito kwa masika. Usipoyapata, mafuta ya cherehani yanapenya vizuri ila mvua inayaosha upesi, kwa hiyo utarudia mara kwa mara. Oili mpya ya pikipiki inavumilia mvua lakini inanasa vumbi. Itumie kwa tone na ufute sana. Mafuta ya kupikia yanaganda na kunata. Grisi haipenyi. WD-40, ile ya kopo la kupuliza, ilibuniwa kufukuza maji kwenye chuma, na hiyo inaifanya vizuri cheni ikiloa, ila baada yake bado unahitaji mafuta ya kulainisha.

Usifuate kalenda, sikiliza cheni. Ikianza kulia umeshachelewa kidogo. Ikinyeshewa, ifute na kuitia mafuta siku hiyohiyo, kwa sababu kwa chumvi ya huku kutu haisubiri asubuhi.

Kuna siku usafi hautasaidia, nayo unaijua kwa tepu ya kupimia. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, milimita 12.7, iwe baiskeli ya Phoenix ya mizigo au mtumba wa gia. Kwa hiyo pingili 24 za cheni ambayo haijalika ni inchi 12 kamili, katikati ya pini hadi katikati ya pini. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nunua nyingine. Ikifika moja ya nane, cheni imeshakula gia pia: utaona meno yamechongoka kama pezi la papa, na cheni mpya ukiifunga hapo itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu, hivyo utalipia na friwili. Ukienda dukani beba ile ya zamani mkononi, uhesabu pingili na ulinganishe upana, kwa kuwa cheni ya gia ni nyembamba kuliko ya baiskeli isiyo na gia. Na cheni ambayo kiungo chake cha kufungulia kinabanwa kwa klipu, wakati wa kuifunga hakikisha upande wa klipu uliozibwa unatangulia kule cheni inakokwenda, kisha igonge kidogo kwa bisibisi mpaka usikie imekaa.