Je, wajua kwa nini maji ya Arusha hufika mpaka mifupani?

Panda daladala ya Usa River, konda akicheka utaona: meno ya kahawia, mengine yamechimbika. Watani hawachelewi kusema "huyu wa Arusha huyu". Wengi hudhani ni uvivu wa mswaki. Wapi! Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia majini. Jino hupata rangi hiyo likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, ndiyo maana aliyehamia hapa ukubwani hapati meno hayo hata akinywa kisima kilekile.

Mifupa yake, lakini, haina bahati hiyo. Mfupa unabomolewa na kujengwa upya maisha yote: seli hizi zinaumung'unya wa zamani, zile zinaweka mpya, na saruji yao ni kalsiamu na fosfeti. Floraidi hujipenyeza ndani ya saruji hiyo na kung'ang'ania. Kidogo huimarisha meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mfupa unanenepa lakini unavunjika kirahisi, na mgongo unakakamaa mpaka kugeuka nyuma ni kazi.

Kwa mtoto ni vingine. Anazaliwa na vipande karibu 300, ambavyo huungana hadi kubaki 206, na mifupa mirefu hurefuka kwenye gegedu, ile sehemu laini inayonyumbuka, karibu na ncha zake. Mfupa mpya usipokomaa vizuri, uzito wa mwili unaupinda: matege, au magoti yanayogongana. Lishe yenye kalsiamu kidogo huzidisha. Tena kuna magadi ya kulainishia makande. Mengine yana floraidi nyingi kuliko hayo maji.

Kuchemsha hakusaidii, maana maji hupungua sufuriani na floraidi inabaki palepale. Kinachosaidia, na hapa ndipo napopapenda, ni mfupa wenyewe. Ngurdoto, hapa hapa Arusha, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, na njia mojawapo ni kuchoma mifupa ya ng'ombe kwa hewa kidogo mpaka iwe mkaa, kuusagasaga, kisha kupitisha maji humo. Mkaa unainasa floraidi kama ambavyo goti lako lingeinasa. Ukishiba, unabadilishwa.