Mkono wa Reiner na viwiko vyetu

Jumamosi nilimwonyesha mwongozaji mmoja wa kwaya, aliyekuja kwangu Shangani kutoka Newala, video ya mwongozaji wa zamani Fritz Reiner akiongoza Chicago Symphony Orchestra, okestra ya Chicago, Marekani. Akasema yaleyale ninayoambiwa kila Pasaka ikikaribia: "Mwalimu, mbona huyu mzee hafanyi kitu? Okestra inajipigia yenyewe."

Hapana, jamani! Reiner alikuwa na okestra ile kuanzia 1953 hadi 1962, na fimbo yake ilitembea kidogo sana kwa makusudi, wapigaji wasithubutu kubandua macho. Mengine aliyamaliza mazoezini: nani asikike, nani ashuke, noti ikatwe wapi. Sikilizeni Konseto ya Okestra ya mtunzi Bartók, waliyoirekodi 1955. Bartók alikuwa mwalimu wake wa piano kule Budapest, na Reiner ni mmoja wa waliopigania aagizwe kuitunga kazi hiyo mwaka 1943, alipokuwa hoi kwa ugonjwa New York. Sehemu ya mwisho violini zinakimbia kama zinafukuzwa, na bado kila noti unaisikia. Usafi huo hauji kwa kurusha viwiko. Ninyi mnaopunga mpaka joho linapanda mabegani mnaifundisha kwaya isiwatazame. Dawa yangu ni ileile: bana kitabu cha nyimbo kwapani, ongoza wimbo mzima kisidondoke. Fanya hivyo wiki mbili, uone besi watakavyoanza kuingia pamoja.

Na kuna mengine ninayoambiwa. "Rekodi za zamani hazina besi." Mnasikilizia spika ya simu! Zarathustra, kazi ya okestra ya mtunzi Richard Strauss, waliyoirekodi Machi 8, 1954, inaanza na mngurumo wa ogani, besi na ngoma kubwa, chini mno kwa spika ya simu. Vaeni hedifoni, au chomekeni kwenye spika za kanisani.

"Enzi hizo stereo haikuwepo." Zarathustra hiyohiyo ya 1954 ni stereo, yaani sauti ya pande mbili, kushoto na kulia. Zilizochelewa ni santuri za stereo, zilizoingia madukani 1958.

"Reiner ndiye aliyeanza kurekodi na okestra hiyo." Frederick Stock, aliyeiongoza kabla yake, alirekodi nayo 1916.

Na anayesema ukisikia rekodi moja umezisikia zote, aitafute Zarathustra ya pili ya Reiner, ya 1962: okestra ileile, ukumbi uleule. Aje nayo Jumamosi tuziweke zote mbili, nota tukiwa nazo mkononi.