Je, wajua kwa nini mdomo wa mto huitwa delta?

Mto Rufiji ukikaribia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika matawi yanayopenya kwenye mikoko. Mahali hapo tunapaita delta, kama tulivyokaririshwa darasani. Lakini delta ni herufi, ya nne katika Kigiriki. Imefikaje mtoni?

Kwanza, Wagiriki wenyewe waliazima. Herufi zao walizichukua kwa Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo. Wafoinike waliiita dalet, yaani mlango. Wagiriki wakabeba jina wakaacha maana: kwao delta haina maana nyingine ila herufi yenyewe, Δ, pembetatu iliyokaa kitako.

Sasa twende Misri. Mto Nile ukipita Kairo ya leo hupanuka kama upepeo hadi Mediterania. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK, anataja kwamba Wagiriki wa Ionia walikuwa tayari wakiiita nchi hiyo Delta. Ukitazama ramani zetu za leo, kaskazini ikiwa juu, utaona pembetatu iliyosimama kwa kichwa. Igeuze, kusini ikae juu, na Δ hiyo hapo. Baadaye jina likaenea hata kwenye mito isiyo na pembetatu yoyote. Mississippi hutawanyika kama mguu wa ndege, na Okavango kule Botswana haifiki baharini kabisa, huishia kwenye mchanga wa Kalahari.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii: dalet ilikuwa na mtoto mwingine. Kupitia Kiaramu ilifika kwenye Kiarabu, ikawa dal. Hebu litazame neno letu abjadi: alif, ba, jim, dal. Katika hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ni namba, dal ni 4. Wagiriki nao walihesabu alfa 1, beta 2, gama 3, delta 4. Mpangilio ni uleule wa Wafoinike, na kila tunaposema abjadi tunaitamka delta mwishoni bila kujua. (Ajabu nyingine: Mgiriki wa leo hasemi "delta", husema "dhelta", kwa dh ileile ya dhahabu.)

Wanahisabati huitumia Δ kuonyesha badiliko. Joto likiwa nyuzi 24 asubuhi na 31 mchana, Δ ni 7. Mwanahisabati Leonhard Euler aliitumia kwa tofauti za namba katika kitabu chake cha 1755, na neno la Kilatini la tofauti, differentia, huanza na D.

Halafu ikaja korona. Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa aina mpya za kirusi zitaitwa kwa herufi za Kigiriki, ili watu waache kuzitaja kwa majina ya nchi na kuzinyanyapaa. Ile iliyogunduliwa kwanza India, B.1.617.2, ikaangukiwa na Delta.

Na chanjo yake tulichomwa wapi? Papasa bega lako, pale juu ya mkono palipojaa nyama. Msuli huo ni mpana juu na mwembamba chini, na madaktari huuita deltoidi, yaani wenye umbo la delta.