Kontena la Nne

Msimu mmoja wa kahawa niliitwa na meneja wa ghala moja linalosafirisha kahawa nje ya nchi, katika eneo la viwanda la Kampala, ili nimsaidie kutatua tatizo ambalo yeye alikwisha kulipatia jina kabla sijavuka lango. "Madam, hawa watu ni wavivu," aliniambia. Ushahidi wake ulikuwa daftari la mlinzi, ambalo lilionyesha kwamba wapakiaji wake kumi walijaza makontena manne kwa siku, wiki nenda wiki rudi, iwe mvua iwe jua, iwe magunia yamepangwa tayari tangu alfajiri au mashine za kuchambua zimechelewa hadi saa nne. Kontena la futi 20 huchukua takriban magunia 320 ya kilo 60, na yeyote aliyewahi kuweka gunia la namna hiyo begani atakubali kwamba makontena manne si kazi ndogo. Hata hivyo meneja alikuwa amepiga hesabu, na hesabu zilimwonyesha kwamba la tano lingewezekana bila mtu kuanguka.

Alikuwa ameshajaribu dawa mbili. Kwanza aliwafukuza wawili aliowaona kuwa wazito zaidi, akaajiri vijana wenye nguvu zao. Baada ya wiki mbili vijana hao nao walikuwa wakiishia kontena la nne kana kwamba wamezaliwa na hesabu hiyo. Kisha akatangaza nyongeza ya fedha kwa mpakiaji yeyote atakayeonyesha bidii kuwazidi wenzake, na hakuna hata mmoja aliyeifuata. Mimi nilipoyasikia hayo mawili nilianza kuliona tatizo kwa sura nyingine, kwa sababu ukibadilisha watu na tabia ikabaki ileile, tabia hiyo haikuwa ya watu uliowafukuza. Ilikuwa ya kundi, na kundi lilikuwa limeirithisha kwa wageni wake kama vile nyumba inavyomrithisha bibi arusi desturi za jikoni.

Jambo hili lina historia ndefu katika taaluma yetu ya kuchunguza tabia za makundi kazini. Kati ya mwaka 1924 na 1932 kampuni ya Western Electric ilifanya mfululizo wa utafiti katika kiwanda chake cha Hawthorne, karibu na Chicago, na watu wengi wanakumbuka sehemu ya mwanzo tu, ile ya taa zilizoongezwa na kupunguzwa mwanga, ambayo matokeo yake yamebishaniwa tangu hapo. Sehemu iliyonifaa mimi katika kazi ni ya mwisho, iliyoanza mwaka 1931, ambapo wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu waliwekwa katika chumba chao na kuangaliwa kwa zaidi ya miezi sita. Malipo yao yalitegemea jumla ya kazi ya kundi zima, kwa hiyo wakubwa walitarajia kwamba wenye kasi wangewasukuma wazito ili wote wapate zaidi. Ilikuwa kinyume. Wanaume hao walikuwa na kiwango chao wenyewe cha kazi inayotosha kwa siku, na aliyekipita alionekana kimbelembele, aliyekaa chini yake sana alionekana mtegeaji anayekula jasho la wenzake, na aliyepeleka habari kwa msimamizi alionekana mchongezi, ambaye ni mbaya kuliko wote. Kimbelembele alikanywa kwa maneno, kwa mzaha, na wakati mwingine kwa ngumi ya begani. Wengine walimaliza kazi zaidi ya waliyotangaza, wakaificha ili kesho hesabu ionekane sawa na ya leo.

Nawaomba wasomaji ambao ni wasimamizi wazingatie kwamba watu hao hawakuwa wakiichukia kazi. Waliamini kwamba wakizalisha zaidi, bei ya kazi ingeshushwa, au wachache wangetosha na wengine wangerudishwa nyumbani, na wakati ule wa mdororo mkubwa wa uchumi Marekani hofu ya kurudishwa nyumbani haikuwa ndoto. Kanuni isiyoandikwa ilikuwa ukuta waliojijengea, na mtu anayetaka kuubomoa ni vizuri akaulizia kwanza ulijengwa dhidi ya nini.

Kwa hiyo sikurudi ofisini kwa meneja. Nilikaa siku tatu mahali wapakiaji wanapokula posho, yaani ugali, na maharage yao mchana, chini ya paa la mabati nyuma ya ghala. Walikuwa mchanganyiko wa kawaida wa Kampala, wengine kutoka Busia na Tororo, wengine kutoka Gulu, na mzee mmoja wa Arua ambaye Kiswahili chake, kama cha watu wengi wa upande ule, kilikuwa laini kuliko changu. Siku mbili za mwanzo tulizungumza habari za mvua na mpira. Siku ya tatu mzee ndiye aliyefungua. "Mama," alisema, "kontena la tano tumelijaza zamani. Tukalipwa la nne."

Maelezo yaliyofuata yalikuwa mafupi. Misimu miwili nyuma, chini ya uongozi mwingine, kundi hilo lilifikia makontena matano na hata sita kwa siku. Mwishoni mwa mwezi bei ya kontena moja ikapunguzwa, kiasi kwamba jasho la matano likaleta fedha zilezile za manne, kisha wenzao watatu wakaambiwa wasirudi kwa kuwa kazi inakwisha mapema. Tangu siku hiyo wakaishia la nne. Vijana wapya hawakuwapo mambo hayo yalipotokea, lakini walihadithiwa katika siku yao ya kwanza, na hadithi ikawafunga kama mkataba. Kulikuwa na sababu ya pili ambayo hakuna aliyeitamka mbele ya mzee: yeye mwenyewe asingeweza kuhimili kasi ya makontena matano, na kundi halikuwa tayari kumwacha nyuma.

Nilipompelekea meneja habari hizi, wazo lake la kwanza lilikuwa kuongeza watu kutoka kumi hadi kumi na sita. Kwetu wazo hili lina nguvu kwa sababu lugha yenyewe inaliunga mkono. Tangu utoto tumeambiwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba mmoja mmoja na kisha kwa pamoja, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 alionyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka ndivyo mchango wa kila mmoja unavyopungua, hadi wakifika wanane kila mmoja anavuta takriban nusu tu ya uwezo wake. Sehemu ya upungufu huo inatokana na kutoshikamana, yaani huyu anavuta huku yule anapumua, na ndiyo sababu wabeba mizigo huimba; wimbo wao unapanga pumzi na miguu. Sehemu nyingine ni kutegea. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake wawili waliwataka watu wapige kelele kwa nguvu zao zote, wakiwa wamezibwa macho na masikio, na wale walioamini kwamba wanapiga pamoja na wengine walipunguza nguvu ingawa kwa kweli walikuwa peke yao. Watafiti haohao walikuja kuonyesha kwamba mtu akiamini kwamba mchango wake unaonekana na kupimwa, kutegea huko hupotea.

Mara nyingi nikieleza haya katika semina, mtu husimama na kusema kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu, sisi Waafrika tunaishi kwa ujumuiya. Naheshimu hoja hiyo, na siikubali nusu yake. Mtafiti Christopher Earley alipowalinganisha mameneja wa Kichina, wa Israeli na wa Marekani katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, aliona kwamba wale wenye moyo wa ujumuiya walifanya kazi kwa bidii walipoamini wako pamoja na watu wa kundi lao. Walipoambiwa wako na wageni, au walipokuwa peke yao, bidii ilipungua. Hili linafanana sana na ninayoyaona hapa. Kijijini kaburi huchimbwa haraka na vizuri, na barabara za bulungi bwansi, yaani kazi za pamoja za jamii, katika Buganda zilifyekwa bila mshahara, kwa sababu asiyefika anajulikana kwa jina, na jina lake ni la watu wake wote. Mlete mtu huyohuyo Kampala, umweke kati ya watu kumi na watano asiowajua, chini ya msimamizi anayemwita "wewe wa pale", na usishangae ujumuiya wake ukibaki kwenye basi alilokuja nalo. Wapakiaji wangu kumi walikuwa wameshakuwa watu wa kundi moja, na kuwaongezea wageni sita kungeiharibu hali ambayo ilikuwa mtaji mkubwa kuliko wote wa ghala lile.

(Nikiwa bado kwenye semina, niseme neno moja kuhusu zile hatua nne za ukuaji wa kikundi (kuundwa, kuvutana, kukubaliana kanuni na kutenda) ambazo kila mkufunzi huzichora ubaoni. Mwanasaikolojia Bruce Tuckman alizitoa mwaka 1965 kwa kupitia maandiko ambayo mengi yalihusu vikundi vya tiba ya kisaikolojia na vya mafunzo, si viwanda wala ofisi. Zinasaidia kuzungumza, lakini sijawahi kuona kundi la kazini lililozipita kwa utaratibu ule wa ubaoni.)

Kilichobaki kunisumbua ni kwa nini meneja hakuwa na habari ya bei iliyopunguzwa, ilhali mtunza stoo, karani wa malipo na wasimamizi wawili wa zamu walikuwapo wakati huo na bado wapo. Niliomba kuhudhuria kikao chao cha Jumatatu. Meneja aliuliza kwa Kiingereza kama kuna mwenye wazo kuhusu kasi ya upakiaji, kisha akamgeukia ofisa wa fedha, ambaye ndiye aliyekuwa amependekeza punguzo lile. Ofisa akasema tatizo ni nidhamu, msimamizi wa kwanza akasema nidhamu, wa pili akaitikia kwa kichwa, na mtunza stoo, ambaye alikuwa ameniambia ukweli wote kwa Kiswahili mlangoni dakika kumi zilizopita, akaandika neno hilo kwenye daftari lake.

Mwanasaikolojia Solomon Asch aliichunguza hali kama hii katika miaka ya 1950 kwa kuwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi, swali ambalo mtoto angelijibu. Ila wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu moja la uongo katika majaribio 12 kati ya 18, na takriban theluthi moja ya majibu ya watahiniwa katika majaribio hayo ilifuata uongo. Karibu robo tatu yao walifuata angalau mara moja. Mambo mawili katika kazi yake yana thamani kubwa kuliko idadi hizo. Alipompa mtahiniwa mwenzake mmoja tu aliyesema kweli, kufuata uongo kulishuka sana, na alipomruhusu kuandika jibu lake faraghani pia kulishuka. Katika ofisi zetu shinikizo si la wingi wa watu peke yake, kwa maana liko pia la umri, la cheo na la lugha. Mtu ambaye Kiingereza chake kinamtia wasiwasi hupima mara mbili kama ukweli wake unastahili aibu ya sarufi, na mara nyingi huona haustahili. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza wauguzi katika hospitali za Marekani katika miaka ya 1990, alikuta kwamba timu zilizoongozwa vizuri zaidi ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Hazikuwa zikikosea zaidi. Watu wa timu hizo hawakuogopa kusema. Tangu niliposoma kazi hiyo, kikao kisicho na habari mbaya hunitia mashaka.

Jumatatu iliyofuata meneja, kwa ushauri wangu, aligawa vikaratasi, kila mtu akaandika sababu moja kwa lugha aliyopenda, na yeye akavisoma bila kutaja mwandiko. Vikaratasi vinne kati ya sita vilitaja bei. Ofisa wa fedha alinyamaza kwa muda, kisha akasema, kwa haki yake, kwamba punguzo lile lilifanywa bei ya kahawa iliposhuka na hakuna aliyelirudia tena kulitazama.

Makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza na kubandikwa kwenye mlango wa ghala: bei kwa kontena haitabadilishwa hadi msimu uishe, na hakuna atakayeondolewa kwa sababu kazi imekwisha mapema. Kwa majuma matatu daftari la mlinzi halikubadilika hata kidogo, na meneja alinipigia simu mara mbili kuniambia kwamba nimempotezea muda. Walikuwa wakingojea malipo. Mwisho wa mwezi fedha zilipotoka kama karatasi ilivyosema, kontena la tano lilianza kuonekana, ingawa si kila siku. Siku ambazo mzee wa Arua anabeba, huwa manne. Siku ambazo vijana wamemkabidhi kalamu ahesabu magunia mlangoni, huwa matano. Meneja ameniuliza kama inafaa amhamishie mzee kazi ya kuhesabu moja kwa moja, nami nimemwambia awaulize wao, wakiwa kwenye posho, na asiende na ofisa yeyote.