Anime ya gemu la mapigano: maana yake na mahali inapokwama

Anime ya gemu la mapigano ni katuni ya Kijapani inayochukua wahusika, visa na mitindo ya kupigana kutoka kwenye gemu la watu wawili wanaotwangana mpaka mmoja aishiwe nguvu. Street Fighter, Tekken, Fatal Fury, Samurai Shodown, Virtua Fighter, BlazBlue na Guilty Gear yote yameshatolewa anime, mengine zaidi ya mara moja. Wimbi kubwa lilikuwa miaka ya 1990, lakini mpaka leo bado zinatoka. Netflix ilileta Tekken: Bloodline mwaka 2022.

Lawama nazo hazibadiliki: hadithi nyepesi, wahusika wamerundikana, mapambano hayasisimui. Wengi huwasukumia watengenezaji, kwamba walilipua kazi ili wauze jina. Wapo waliolipua kweli. Ila hata aliyejituma anakutana na kikwazo kilekile, kwa sababu yale yanayolifanya gemu la mapigano liwe tamu ndiyo yanayoiponza anime.

Chukua orodha ya wapiganaji. Kwenye gemu, orodha ndiyo bidhaa yenyewe. Super Street Fighter II ya mwaka 1993 ilikuwa na wapiganaji 16, na kila mmoja ilibidi apendwe na mtu fulani mahali fulani, kwa hiyo kila mmoja akapewa nchi yake, kisasi chake na pigo lake maalumu. Hakuna stelingi, stelingi ni yule uliyemchagua wewe. Hadithi ya kwenye skrini haiendi hivyo. Inataka mtu mmoja au wawili wa kufuatwa, na wengine wakae pembeni. Sasa mwandishi afanye nini na wale 14 waliobaki, ambao kila mmoja ana mashabiki wanaosubiri kumwona?

Kwa kawaida anawapitisha mmoja mmoja kama wageni. Filamu ya Street Fighter II ya mwaka 1994, ambayo mimi naihesabu miongoni mwa zilizo bora kabisa katika kundi hili, nayo haikupona. Cammy anaua waziri, anakamatwa, basi. Dhalsim na E. Honda wanakutana India, wanapimana ubavu, kisha filamu inaendelea na safari zake. Blanka na Zangief wanapigana kuwaburudisha wakubwa wa Shadaloo, genge la wahalifu, na ukilikata pambano hilo lote hakuna kitakachoharibika.

Lakini filamu hiyohiyo ina pambano la Chun-Li, mwanamke mpelelezi, na Vega, muuaji wa Shadaloo, na hapo ndipo unaona tofauti. Chun-Li yuko nyumbani kwake usiku, hana habari kuwa mtu ameshaingia ndani. Vega ana kucha za chuma, Chun-Li hana chochote. Ukumbi ni chumba cha kawaida chenye sofa, kuta na vioo, na kila kitu kinageuka silaha au kizuizi. Chun-Li anachanwa, anavuja damu, anapungukiwa nguvu mbele ya macho yako. Anashinda kwa kumsukumiza Vega mateke mpaka ukuta unapasuka, na bado yeye mwenyewe anaishia hospitali. Mtu asiyewahi kugusa Street Fighter anaelewa kila hatua: nani anamtaka nani, kwa nini, na akishindwa itakuwaje. Mapambano mengi ya anime hizi hayana hayo matatu. Yanatokea kwa sababu watu wawili wamekutana na ratiba inataka wapigane.

Mwisho wa hadithi nao ni mtihani. Katika Tekken, ukimaliza gemu na Paul unapata mwisho wa Paul, ukimaliza na Nina unapata wa Nina, na miisho hiyo inapingana. Nani alishinda kweli? Husemwi mpaka gemu linalofuata litoke: Tekken 2 ndiyo iliyokuja kuthibitisha kwamba mashindano ya kwanza ya kupigana ndani ya hadithi yalichukuliwa na Kazuya, na Tekken 3 ikaeleza kuwa ya pili yalirudi kwa Heihachi, baba yake. Utamu uko kwenye uwezekano mwingi. Anime inalazimika kuchagua mmoja, na ukichagua ule rasmi, shabiki anajua kila kitu kabla hajaketi. Bloodline inafuata Tekken 3: Jin anampoteza mama yake, Jun, mikononi mwa zimwi liitwalo Ogre, anakwenda kwa babu yake Heihachi, anafunzwa miaka minne, anaingia mashindanoni. (Ambaye hajaitazama na aruke sentensi inayofuata.) Babu anamgeuka na kumpiga risasi, kama ilivyokuwa kwenye gemu. Yote hayo yamebanwa kwenye sehemu sita, ndiyo maana wapinzani wengine wanatajwa jina, wanarusha mateke mawili matatu, wanatoweka.

BlazBlue Alter Memory ya mwaka 2013 ilijibebesha zigo kubwa zaidi. Magemu ya BlazBlue yana hadithi ndefu za kusoma, zenye njia kadhaa na wakati unaojirudia, na anime ikajaribu kupitisha magemu mawili, Calamity Trigger na Continuum Shift, ndani ya sehemu 12. Kilichobaki ni watu wanaoelezana mambo kwa majina makubwa makubwa huku mtazamaji akijaribu kukumbuka nani ni ndugu wa nani.

Halafu kuna suala la mwendo, ambalo halizungumzwi sana. Gemu kama Tekken huonyesha fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka kabisa humo hutua baada ya fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde, na mchezaji mzoefu anaihisi tofauti ya fremu moja au mbili. Anime ya televisheni mara nyingi hutumia takriban michoro minane mipya kwa sekunde, ikaongezwa pale tu panapostahili gharama. Kwa kasi hiyo, ngumi ile ingepata mchoro mmoja na chenga. Mchoraji mzuri haigi kasi ya gemu. Anarefusha maandalizi, anaficha pigo, anaonyesha athari yake kwa aliyepigwa. Bloodline ilichagua njia nyingine: ilitumia kompyuta, ikanakili mikao ya gemu, na ngumi ikitua cheche zinaruka kama zile za kwenye gemu lenyewe. Shabiki anatabasamu mara ya kwanza. Baadaye cheche zinaanza kusumbua, kwa sababu kwenye gemu zilikuwa na kazi ya kukuambia wewe mwenye pedi ya kuchezea gemu mkononi kwamba pigo limeingia. Ukiwa mtazamaji tu, hazikuambii kitu.

Na hilo la pedi ndilo kubwa kuliko yote. Hadithi ya gemu la mapigano inaweza kuwa ya mistari minne na isikuchoshe, kwa kuwa hofu ya kushindwa ni yako mwenyewe. Bosi, yaani adui mkuu wa mwisho, akikupiga mara tatu mfululizo, tayari una sababu ya kumchukia. Anime haina namna ya kukuazima chuki hiyo. Inabidi ikujengee kwa maneno, muda na mahusiano, vitu ambavyo gemu halikuwahi kuvihitaji na kwa hiyo halikuviandika.

Wengine wameanza kukwepa mtego wa kusimulia upya gemu. Guilty Gear Strive: Dual Rulers ya mwaka 2025 ina sehemu nane, kisa kipya na mhusika mpya, Unika. Wazo zuri. Kisha inafungua na harusi ya Ky na Dizzy, wapenzi ambao kisa chao kimejengwa kwenye magemu kwa zaidi ya miaka 20, na mtazamaji mgeni anajikuta ukumbini bila kumjua bwana wala bibi harusi.