Barua ya VA ikikataa dai lako la ulemavu, anza na tarehe

Malalamiko kutoka kwa wanajeshi wa zamani wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani yanaongezeka, na mengi yanafanana: Idara ya Maveterani, VA, imekataa dai la fidia ya ulemavu, barua ikawekwa kabatini, mwaka ukapita. Wengine wanasema wamekataliwa kwa kuwa walizaliwa Kenya au Kongo. Tafadhali tuache kuambiana hivyo. Uraia si sharti la fidia hii. Kinachoangaliwa ni namna ulivyoachishwa jeshi, maradhi uliyonayo sasa, tukio la jeshini, na uhusiano wa hayo mawili.

Uhusiano huo ndio tunaokuta umekosekana mara nyingi. Goti linauma, VA imekubali. Uliruka kwa parachuti, rekodi zipo. Lakini hakuna daktari aliyeandika kwamba goti liliharibika kwa kuruka. Si lazima awe na hakika kamili. Inatosha aeleze, kwa hoja za kitabibu, kwamba uwezekano ni angalau nusu kwa nusu. Neno "huenda" peke yake halitoshi.

Tangu 19 Februari 2019 njia za kupinga uamuzi ni tatu. Ukiwa na ushahidi mpya unaogusa sababu ya kukataliwa, peleka dai la nyongeza kwa fomu 20-0995. Mpya maana yake haumo kwenye faili. Kurudisha nakala zilezile hakusaidii, na tumelisema hili mara nyingi. Ukiona ofisa alikosea kwa ushahidi uliokuwepo, omba mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996. Huko haipokelewi karatasi mpya hata moja, ila unaweza kuomba kuzungumza na mpitiaji kwa simu ili umwonyeshe kosa. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa ya VA, fomu 10182: jaji asome faili lilivyo, au uongeze ushahidi ndani ya siku 90, au usikilizwe. Bodi nayo ikikataa, una siku 120 za kwenda mahakamani.

Muda ni mwaka mmoja tangu tarehe iliyochapwa kwenye barua, si siku uliyoifungua. Dai la nyongeza hupokelewa hata baadaye, lakini kwa kawaida utapoteza malimbikizo, yaani fedha za nyuma, ya tangu dai la kwanza.

Wawakilishi wa vyama vya maveterani waliothibitishwa na VA hawatozi kitu. Wakili anaruhusiwa kutoza baada ya uamuzi wa kwanza tu, na asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ada ya haki. Anayedai pesa akujazie dai la kwanza, mkatae. Anayekushauri utie chumvi, mkimbie: udanganyifu ni jinai, na mafao yanaweza kufutwa.

Kama umebakiwa na wiki chache na rekodi bado ziko hospitali, peleka fomu 20-0995 ukitaja hospitali na tarehe za matibabu. VA ina wajibu wa kukusaidia kuzitafuta.